Kichwa cha Nguruwe Mlangoni mwa Kiwanda

Mtu anayekamua mafuta ya ufuta hawezi kujificha. Harufu inaingia kwenye nywele, kwenye sweta, kwenye kitambaa cha kichwani, na ukifika kanisani kwa sala ya alfajiri watu wanajua umeingia kabla hawajafumbua macho. Mkwe wangu Gyeong-ran aliionea aibu harufu hiyo kwa miaka mingi. Alikuwa akikaa nyuma kabisa karibu na mlango, hata kwenye baridi ya Januari. Muuza tambi mmoja, Mama Deok-rye, ndiye aliyeanza kumfuata kule nyuma na mto wake wa umeme wa kukalia. Alimsogezea nusu ya mto, akaendelea kuomba. Tangu siku hiyo sijali tena sauti ya Deok-rye inavyopasua masikio sokoni.

Kibanda chetu kilikuwa upande wa wauza samaki wakavu. Mimi na marehemu mume wangu tulianza na mashine moja ya mkono. Kwetu mtu haleti ufuta akauacha. Analeta gunia lake, anakaa kwenye kigoda, anautazama ukioshwa, ukikaangwa na kukamuliwa, mpaka chupa ya mwisho ijae na mashudu yafungwe kwenye gazeti. Haondoki hata kwenda msalani, maana kila mtu amesikia habari ya mkamuaji fulani wa mji fulani aliyechanganya ufuta wa watu na ule wa bei rahisi unaokuja kwa meli. Gyeong-ran alipoolewa kwetu alivikuta vigoda hivyo na wazee wake na maneno yao, akavipenda. Mwanangu Ui-cheol alipofariki, ndugu zake Gyeong-ran walikuja na gari kumchukua. Aliwapikia, akawashukuru, akawasindikiza, kisha akarudi kuwasha jiko la kukaangia.

Ana mkono wa kukaanga. Anaondoa ufuta motoni wakati wengine bado wanasubiri rangi, na mafuta yake hayana uchungu. Wazee waliwatumia watoto wao Seoul chupa mbili tatu, watoto wakawaonjesha majirani, simu ikaanza kulia. Ikafika mahali tunakaanga kuanzia sala ya alfajiri hadi taa za soko zinazimwa, na bado watu wanakosa. Ndipo akanunua ghala la zamani la mchele kando ya daraja, akaagiza mashine mbili kubwa kutoka Daegu, na akawaambia wanawake sita waliokuwa wakimenya vitunguu saumu kwenye upepo wa soko kwamba atawaajiri. Wengi wao ni wajane. Mmoja, Mama Pil-nam, vidole vilikuwa vimepasuka hadi akawa anashika vijiti vya kulia kama mtoto. Alipoambiwa alisema tu, "Kuna paa?" Gyeong-ran akasema lipo. "Basi nakuja," akasema.

Lakini kiwanda bila ufuta ni ghala tu. Ufuta wanao wakulima wa vijiji vya juu, na wakulima wale wanamsikiliza mtu mmoja, Mwenyekiti Tak wa soko letu, muuza samaki wakavu. Mafuta nayo yanahitaji lori, na lori lilikuwa la dereva Bong, ambaye hatii mguu kwenye gari jipya kabla halijafanyiwa tambiko. Kwetu kila biashara inayofunguliwa hufanyiwa. Wanaweka meza, juu yake kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, tena wanachagua kile kinachotabasamu, na mwenye biashara anakisujudia, watu wanakitia noti mdomoni, pombe ya mchele inamwagwa mlangoni. Wakristo hatufanyi. Kibanda kidogo cha mjane walikuwa wanatusamehe. Kiwanda ni kitu kingine.

Mwenyekiti Tak alikuwa rafiki wa mume wangu, na mpaka leo ananiita shemeji. Alikuja kibandani mwezi wa tisa, akajikalisha kwenye kigoda bila gunia lolote.

"Shemeji, mkwe wako anafungua lini?"

"Muulize mwenyewe, si huyo hapo."

"Namuogopa. Atanipa mafuta bure kisha aniombee."

Gyeong-ran akacheka huku akigeuza ufuta. "Maombi ni bure, Mwenyekiti. Mafuta unalipa."

"Haya, binti. Tambiko je?"

"Nitafanya ibada. Mchungaji Pyo atakuja kuomba."

"Na kichwa?"

"Changu kitakuwepo."

Tak hakucheka. Akatoa kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwepo. "Nisikilize. Mimi nina sabini na kitu. Sijapata kuona nguruwe aliyekufa akimpa mtu faida. Lakini wakulima wataniuliza: yule mama ameinama mbele ya nani? Niwaambie nini? Na Bong amekwisha kusema hagusi usukani. Usipofanya, binti, siwezi kuwaambia wakuletee ufuta wao. Sikutishi. Nakueleza."

Aliondoka akiwa amesahau kofia, nikamkimbilia nayo.

Ningependa kusema kwamba kanisani alipata faraja. Jumapili iliyofuata, tukiwa tunakunywa supu kwenye ukumbi wa chini wa kanisa baada ya ibada, mzee wa kanisa Guk alikuja na bakuli lake akakaa mbele yetu. Guk ni mtu mkavu kama samaki wa Tak. Lakini naomba niseme hili kabla ya mengine: mwaka aliofariki mwanangu theluji ilianguka kupita kiasi, na kila asubuhi tulikuta njia ya mbele ya kibanda chetu imefagiwa. Sikujua ni nani mpaka siku moja nilipowahi kufika nikamkuta Guk na ufagio. Alikimbia kama mwizi.

"Shemasi Gyeong-ran," akasema, "nasikia kiwanda."

"Ndiyo, mzee."

"Kibanda hakitoshi?"

"Wateja hawatoshi kibandani."

"Nimewaona wengi. Mtu akiwa na kibanda, yuko hapa alfajiri analia mbele za Mungu. Akipata duka, anakuja Jumapili. Akipata kiwanda, anatuma bahasha." Akanywa supu. "Mimi sikatai watu kula. Nasema tu, utajiri una magoti magumu."

Gyeong-ran aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akimjibu mzee wa kanisa, na siku hiyo alijibu kwa sauti ndogo sana. "Mzee, mtu anayeweza kuwatoa wanawake sita kwenye baridi akakataa ili magoti yake yabaki laini, ataulizwa nini siku ile?"

Guk alitazama bakuli lake. "Hilo sijui," akasema. Kisha akaondoka, lakini maneno yake ya kwanza yalikuwa yameshazunguka meza zote.

Usiku huo Gyeong-ran alikuwa jikoni anaosha mchele wa asubuhi, akauosha mpaka maji yakawa maangavu kama ya kisimani. Nikamwambia mchele umekwisha kuwa safi.

"Mama," akasema, "sokoni wananiona namwogopa Mungu kupita kiasi. Kanisani wananiona simwogopi vya kutosha. Labda nirudishe zile mashine."

"Unataka kuzirudisha?"

"Sitaki."

"Basi kwa nini unaniuliza mimi?"

"Ili unikataze."

Nikamkataza. Nilimwambia nimeomba kwa ajili ya kibanda kile tangu mume wangu angali hai, na sikumbuki hata mara moja nilipomwomba Mungu kibaki kidogo. Alinitazama, akacheka mpaka akalazimika kuegemea sinki, na machozi yakamtoka.

Sasa ilibidi kuchagua siku. Jumatano Mchungaji Pyo ana ibada, Ijumaa ana mkesha, na fundi wa mashine kutoka Daegu alikuwa na nafasi Alhamisi moja tu ya mwezi wa kumi. Gyeong-ran akaizungushia kalamu kwenye kalenda yetu ya kanisa, yenye picha ya kondoo. Akaenda sokoni kuagiza keki za mchele, zile nyeupe, si zile za maharage mekundu zinazotumika kufukuzia pepo. Akaeleza watu siku. Ndipo mambo yakaanza kuwa ya ajabu.

Muuza keki alisikia tarehe akatabasamu. "Alhamisi ile? Mmeamua vizuri." Mke wa mchinja nyama alinikonyeza macho. Mama mmoja wa kijiji cha juu, ambaye alikuwa ameacha kutusalimia, alinishika mkono: "Moyo wa mtu ni siri, au siyo, bibi?" Nikasema ndiyo, maana ni kweli. Bong alipita na lori, akapiga honi, akatoa dole gumba dirishani. Hata Mwenyekiti Tak aliimba alipopita.

"Mungu ameigusa mioyo yao," Gyeong-ran aliniambia. Nami nikaamini hivyo hivyo.

Asubuhi ya Alhamisi tulifika kiwandani mapema. Mashada makubwa ya maua yalikuwa yamesimama kwenye miguu yake mitatu pande zote za lango, yenye riboni za watu waliotutakia heri. Wanawake sita walikuwa wamevaa aproni mpya nyeupe, Pil-nam ameivaa yake nyuma mbele kwa haraka. Mchungaji Pyo alikuja na watu wa kanisa kama thelathini, vitabu vya nyimbo mkononi. Ni kijana bado, mwenye haya, na alikuwa amenyoa hadi akajikata. Mzee Guk alikuwa nyuma yao, uso umekunjamana kuliko kawaida. Alikwenda moja kwa moja kwa Gyeong-ran.

"Shemasi, niambie kwa mdomo wako. Nani alikuchagulia siku hii?"

"Fundi wa mashine, mzee."

"Fundi! Kwa kinyozi nimesikia ulikwenda kwa mpiga ramli."

"Mimi?"

Kabla hajajibu tulisikia ngoma. Kutoka upande wa daraja soko zima lilikuwa linakuja. Mbele Mwenyekiti Tak amevaa suti yake ya harusi za watu, nyuma yake vijana wawili wamebeba meza, na juu ya meza kichwa cha nguruwe kinatabasamu kana kwamba ndicho kilichoalikwa. Kulikuwa na pipa la pombe ya mchele, sinia la keki za maharage mekundu, na samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe, wa kuning'inizwa juu ya mlango. Wakulima wa juu walikuwa wamejaa kwenye lori la Bong, wanawake wamevaa vizuri. Wengi walikuwa na noti zilizosokotwa tayari vidoleni, za kumtia nguruwe mdomoni.

"Binti!" Tak alipaza sauti. "Ungeniambia tu! Kumbe ulikuwa unaona haya mbele ya mchungaji wako. Tumeelewa, tumeelewa. Wewe fanya ibada yako, halafu sisi tunafanya hii upesi upesi, hata Mungu hatachelewa chakula cha mchana."

"Mwenyekiti, nilikuambia nini mimi?"

"Kwa mdomo hukuniambia. Lakini umechagua siku!"

"Siku gani?"

Tak akawageukia watu wake kama mtu anayetaniwa. "Anauliza siku gani! Leo tarehe kumi ya mwezi mwandamo. Siku isiyo na pepo. Pepo wote wamepanda juu, dunia inapumua. Watu wanahama nyumba leo, wanaoa leo. Hivi unataka kuniambia umeiangukia kwa bahati?"

Jamani. Kalenda ya kanisa haina siku hizo. Kalenda ya soko inazo, kwa herufi ndogo chini ya kila tarehe, na kila mtu mjini anazijua isipokuwa sisi. Niliona uso wa Gyeong-ran ukibadilika alipoelewa. Soko lote lilidhani amekubali kwa siri. Kanisa lote lilidhani hivyo hivyo.

Mzee Guk alifunga kitabu chake cha nyimbo kwa kishindo. "Mimi narudi nyumbani. Ni nguruwe au ni Bwana. Leo atasujudia kichwa, kesho atasujudia faida." Watu watano sita wakageuka pamoja naye. Fundi wa Daegu alikuwa ameacha kila kitu anatazama kama yuko sinema. Nilimwona Pil-nam amekunja mikono ndani ya aproni yake, kama mtu anayejiandaa kurudi kwenye baridi.

Gyeong-ran alinitazama. Nilimrekebishia kola tu.

Akaenda mezani. Akaipokea ile meza kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha mkubwa, vijana wakaiachia kwa kushangaa, naye akaiweka chini.

"Mwenyekiti Tak, hii zawadi ni yangu?"

"Ni yako kabisa. Nimekichagua mwenyewe. Tazama tabasamu hilo, wamenitoza zaidi."

"Asante. Asanteni wote. Sikuchagua siku hii. Kwetu hakuna kalenda yenye siku hizo, na kama ipo mama mkwe wangu ameifungia mashudu." Watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi. "Na siwezi kukisujudia. Mimi sijawahi kukisujudia kitu ninachoweza kukila."

Bong alipasuka kicheko, kisha akajishika mdomo. Tak hakucheka.

"Binti," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "sisi hatumwabudu nguruwe. Kwani mimi ni mjinga? Nimemnunua kwa mchinja nyama. Mtu akiinama mbele ya wenzake, tunajua kuna kitu anakiogopa. Pale sokoni tulikaa kwenye vigoda vyako tukakuona. Sasa unaingia ndani ya kuta hizi na mashine zako. Wewe unamwogopa nani, na sisi tutajuaje?"

Hata Guk, aliyekuwa amefika kwenye maua, alisimama bila kugeuka.

Gyeong-ran akavua viatu vyake pale kwenye saruji ya Oktoba. Akatembea hadi mbele ya Tak na wakulima wazee, akapiga magoti, akaweka mikono chini, akagusa ardhi kwa paji la uso. Ni ile heshima yetu kubwa ya kuinama, anayoitoa mtoto kwa wazazi siku ya mwaka mpya. Kisha akainuka, akaenda hadi kwa mzee Guk kwenye maua, akafanya vivyo hivyo mbele yake. Guk alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji.

"Hivi ndivyo nilivyofundishwa, kuwaheshimu wazee walio hai," alisema akiwa bado magotini, kwa sauti iliyofika hadi darajani. "Mliniletea ufuta nilipokuwa na mashine moja tu. Nawainamia nyinyi. Lakini ninayemwogopa ni mmoja, na huyo anaona hata gizani. Nimezoea kutazamwa. Kwa hiyo lango hili halitafungwa mchana. Anayeleta ufuta ataingia nao, atakaa nao, atautazama mpaka uwe mafuta. Kama sokoni. Vigoda vitakuwa vingi zaidi, basi."

"Haiwezekani!" akasema yule fundi wa Daegu. "Mama, watu hawaingii kwenye kiwanda hivi hivi. Mashine hizi—"

"Chora mstari wa njano sakafuni, kaka. Wakae nyuma yake. Ukipenda weka na kioo."

"Kioo nitakitoa wapi leo?"

"Leo chora mstari."

Kisha akageuka. "Na wewe, mzee Guk. Jumamosi jioni mashine zinazimwa, na Jumapili hazina kazi, hata Seoul wakilia. Alfajiri nitakuwa mahali pangu. Siku utakayoona nimeanza kuisujudia faida, uje hapa uzime umeme. Nakupa ruhusa mbele ya watu wote hawa. Lakini usinizike kabla sijafanya kazi."

Guk akaangalia viatu vya Gyeong-ran vilivyoachwa pale kati ya makundi mawili. Akavifuata, akaviokota, akavileta na kuviweka mbele ya magoti yake, ncha zikielekea nje, tayari kuvaliwa.

"Simama, mwanangu," akasema. "Utapata baridi."

Tak akapenga kamasi kwenye kitambaa cha suti. Kisha akawageukia wakulima wake. "Mmesikia? Lango wazi! Nani hapa anaweza kusema mkamuaji gani mwingine amewahi kumkaribisha ndani?" Mama wa kijiji cha juu akasema, "Mimi nitakaa mbele kabisa." Mwingine akasema, "Utakaa mbele kwa sababu huoni vizuri." Wakaanza kusukumana kuingia kabla hata ibada haijaanza, na Mchungaji Pyo, nadhani kwa kuogopa kwamba wataingia wote kisha asipate wa kumsikiliza, akaanza kuomba hapo hapo langoni kwa sauti ambayo sikujua anayo. Aliomba kwa ajili ya moto usiunguze, mikono isikatwe, mizani isidanganye, barabara za Bong, na wajane. Wasioomba walivua kofia. Mwishoni wakulima wawili walisema amina, wakatazamana kwa mshangao.

Fundi alichora mstari wake wa njano ukiwa umepinda. Gyeong-ran akabonyeza swichi. Mashine iliguna, ikanyamaza, kisha ikaguna tena na ule uzi wa kwanza wa mafuta, wa rangi ya asali, ukaanza kushuka. Harufu ikajaa ghala lote hadi darajani. Pil-nam alikuwa analia huku anajaza chupa, na hakumwaga tone.

Hapo ndipo tatizo dogo likatokea. Watu walikuwa bado wamesimama na noti zao zilizosokotwa. Mwenyekiti Tak alikuwa na ya kwake ndefu kuliko zote, akizungusha macho.

"Sasa hii naiweka wapi? Mdomo wa nguruwe haufanyi kazi leo."

Mchungaji Pyo akatazama kikapu cha sadaka, akaona haya kukitaja.

"Nunua mafuta," Gyeong-ran akasema.

"Eti?"

"Mwenyekiti, unataka biashara yangu istawi? Basi nunua mafuta. Hakuna tambiko kubwa kuliko mteja."

Ghala zima likalipuka kwa kicheko. Tak alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji! Huyu umemtoa wapi? Anamwogopa Mungu, haya, lakini mimi namuogopa yeye!" Wakapanga mstari, wa sokoni na wa kanisani wamechanganyika, na chupa za kwanza za kiwanda kile zilinunuliwa kwa noti zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili ya nguruwe. Deok-rye wa tambi alinunua nyingi kuliko wote, akipiga kelele kwamba wasimpunje. Zikaisha. Wakulima waliokuwa wameacha magunia yao kwenye lori, ili waone kwanza mambo yatakuwaje, wakaenda kuyashusha.

Kichwa kilikuwa bado kinatabasamu mezani. Mzee Guk alikizunguka akiwa na mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Mwenyekiti," akamwita Tak, "swali. Kichwa hiki kimekwisha kusujudiwa na mtu yeyote?"

"Na nani? Mkwe wa shemeji amenikatalia mbele ya umati."

"Pombe imemwagwa mbele yake?"

"Hata tone. Pombe iko kwenye pipa, Bong analilinda."

"Kwa hiyo hiki ni kichwa cha nguruwe tu."

"Ni kichwa cha nguruwe tu, na kinapoa."

Guk akageuka. "Shemasi, una kisu?"

Basi Gyeong-ran akakikata mwenyewe, vipande vyembamba, masikio upande, na wanawake wa kanisa wakaleta kimchi, kabichi yetu iliyochachushwa kwa pilipili, na chumvi ya uduvi. Nilimimina mafuta mapya kwenye chumvi, tukachovya humo. Mzee Guk alisali kabla ya kula, sala ndefu, na Tak alisubiri kwa heshima na vijiti hewani. Yule samaki mwenye uzi mweupe, ambaye hakupata mlango wa kuning'inia, Gyeong-ran alimrudishia Tak akasema ampikie Bong supu asubuhi, maana kwa jinsi alivyokuwa analilinda lile pipa angeihitaji. Keki nyeupe na keki nyekundu zililiwa kwenye sahani moja. Wenye pombe walikunywa nje, upande wa mto, bila kuambiwa na mtu. Niliona hilo, nikalihesabu kama wema.

Siku ile ile ilibidi mzigo wa kwanza uende Seoul, lakini Bong alikuwa amekwisha kunywa, kwa hiyo lori liliondoka alfajiri iliyofuata. Baada ya sala nilimkuta Bong nje ya kanisa, amelala uso kwenye usukani, injini inanguruma. Alimwona Mchungaji Pyo akishuka ngazi, akafungua dirisha.

"Mchungaji. Samahani. Safari hii haijafanyiwa kitu. Unaweza... hata kidogo tu?"

Pyo aliweka mkono kwenye boneti. Sijui alisema nini, kulikuwa na kelele. Bong akapiga honi mara moja, akaondoka taratibu kuliko alivyowahi kuendesha maishani mwake.

Tangu hapo mambo yamekua hadi mimi mwenyewe nashangaa. Wanawake sita wamekuwa kumi na wanne. Kuna mashine ya tatu, na kioo kipo sasa, na nyuma yake wazee wamekaa asubuhi hadi jioni na magunia na maneno yao. Gyeong-ran hukaa mbele kanisani, karibu na Guk, ambaye kila anapopiga chafya husema ni ufuta. Umeme hajauzima hata siku moja.

Mwaka ulipotimia, Mwenyekiti Tak alikuja kiwandani, akasimama nyuma ya mstari wa njano kwa adabu zote.

"Binti! Sherehe ya mwaka ni lini? Nimpigie mchinja nyama?"

"Alhamisi," Gyeong-ran akapaza sauti juu ya kelele za mashine.

"Tarehe ngapi ya mwezi mwandamo?"

"Sijui, Mwenyekiti!"

"Mimi najua. Ni mbaya. Ni siku mbaya kabisa."

"Kwa hiyo huji?"

Tak aliwatazama wanawake kumi na wanne, wazee kwenye vigoda, lori la Bong likipakiwa kwenye lango lililo wazi.

"Nakuja," akasema. "Nilete kimoja au viwili?"

"Viwili," akasema mkwe wangu. "Tumekuwa wengi."